Injini ya Kupanda Kitonga

Huku Nyanda za Juu Kusini, Hilux LN106 bado ni gari la kazi. Ni ile pikapu ya dizeli iliyotoka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 1997, yenye ekseli nzima mbele, springi za majani mbele na nyuma, na injini ya 3L ya lita 2.8 isiyo na turbo. Chesisi yake ni ngumu, spea zake zinapatikana mpaka kwenye maduka ya vijijini, na mwenye nayo haiuzi mpaka abanwe na shida. Lakini injini zimezeeka na barabara imebadilika. Lami imefika sehemu nyingi, mabasi yanakimbia, na pikapu yenye tani moja nyuma ikifika mlima wa Kitonga inashushwa gia ya pili na kubaki humo, sindano ya joto ikipanda na magari yakipanga foleni nyuma yake.

Ndiyo maana hapa gereji kwangu, Ipogolo mjini Iringa, wengi wanakuja wakitaka 3L itolewe na iwekwe injini yenye nguvu. Naipenda kazi hii kuliko nyingine zote. Pia nimeona inavyoharibika: chesisi imekatwa, waya zinaning'inia chini ya dashibodi, injini kubwa imo ndani, na mwenye gari anapanda bajaji. Karibu kila mara ubaya ulianzia kwenye kuchagua, kabla spana haijashikwa.

Hivi karibuni alikuja mzee mmoja kutoka Ilula, mkulima wa nyanya. Gari lake nalijua tangu lilipokuwa na rangi yake ya kwanza.

"Fundi, nataka V8," akasema. "Nataka nikikanyaga, iitike."

"Sawa, mzee. Unabeba nini siku hizi?"

"Nyanya kushuka, mbolea kupanda. Tani moja, mara nyingine inazidi."

"Na ukiwa mtupu unakwenda wapi?"

"Mjini hapa tu. Kanisani, benki, shambani."

Hapo alikuwa ameshanipa nusu ya jibu. Injini ya gari la barabarani huchaguliwa kwa mzigo linaoubeba na mwendo linaokwenda siku zote. Kibao cha 50 kiko kwenye kila kijiji kuanzia hapa mpaka Mikumi. Pikapu ya namna hii inaishi kati ya kilomita 50 na 100 kwa saa, ikiwa na mzigo nusu ya safari, na hapo ndipo nguvu inapotakiwa iwepo.

Watu wengi husoma namba moja tu, ya farasi. 3L ina farasi 91, lakini zinapatikana injini ikifika mizunguko 4,000 kwa dakika. Hakuna dereva anayeipenda injini yake anayekaa huko. Inapiga kelele, inakunywa, inachemka. Mwendo wa kila siku uko kati ya mizunguko 1,800 na 2,800, kwa hiyo namba ya kutazama ni toki, yaani nguvu ya kuzungusha krenki, na toki hiyo inapatikana kwenye mzunguko wa ngapi.

Toki ya 3L ni Nm 188, kwenye mizunguko 2,400. Sasa chukua 1KZ-TE, dizeli ya lita 3 yenye turbo iliyokuwa kwenye Hilux Surf na Prado. Kutegemea mwaka, ina farasi 130 hadi 145, lakini cha kutazama ni toki yake ya kuanzia Nm 290 hivi, inayofika kwenye mizunguko 2,000 tu. Kuna hesabu ndogo ambayo kila anayenunua injini afaa kuijua: zidisha toki kwa mizunguko, gawanya kwa 9,549, utapata kilowati. 1KZ kwenye mizunguko 2,000 inatoa kilowati 60 hivi, sawa na farasi 81. Hata tukiipa 3L toki yake yote kwenye mizunguko hiyohiyo, inatoa kilowati 39, farasi 53. Tofauti hiyo unaipata kwenye mizunguko ya kawaida, unazungumza na abiria wako, bila kuitesa injini. Huko ndiko kuitika alikokuwa anakutaka mzee.

Sisi wa huku tuna sababu nyingine, na maduka ya Dar es Salaam hayatakuambia kwa kuwa wao wako pwani. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Farasi 91 za kwenye kitabu zikifika hapa ni kama 77, tena kwa injini nzima isiyochoka. Njombe ni juu zaidi. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea, kwa sababu kazi yake ni kuisukuma hewa ndani kwa nguvu. Kwa mtu wa Iringa, Njombe au Mbeya, turbo ni hitaji, na ningemshauri hivyo hata kama hana mpango wa kumpita mtu yeyote barabarani.

Na V8? Mzee alikuwa ameona picha za Hilux za Afrika Kusini zilizowekwa 1UZ-FE, na kule kweli ni jambo la kawaida. Ni injini nzuri sana. Toyota waliitoa mwaka 1989 kwenye Lexus LS400 na Celsior: lita 4, petroli, bloku na hedi za alumini, kwa hiyo haina uzito ambao watu huudhania wakisikia silinda nane. Matoleo ya mwanzo yana farasi 260 kwenye mizunguko 5,400, na toki Nm 353 kwenye mizunguko 4,600. Soma tena namba hiyo ya mwisho. Nguvu yake kamili iko mahali ambapo pikapu yenye mbolea haifiki. Chini nayo inavuta, sikatai, ni lita nne. Lakini utakuwa umelipia kitu ambacho kwa kazi yako hukitumii, na kila mwezi EWURA wakitangaza bei kikomo ya mafuta utalipia tena. V8 ya namna ile kwenye pikapu usitegemee chini ya lita 15 kwa kilomita 100, na kwenye mlima ukiwa na mzigo ni zaidi.

Kuna na mengine yanayofuata ukihama kutoka dizeli kwenda petroli. Mfano ni breki. Kwenye 3L, nyuma ya alteneta kuna pampu ndogo inayovuta hewa kwa ajili ya buusta ya breki, maana injini ya dizeli haina mvuto wa kutosha kwenye njia ya hewa. Ukitoa injini hiyo, pampu inaondoka na alteneta yake. Kwenye petroli, bomba la buusta lazima lifungwe kwenye manifoldi ya hewa, likiwa na vali yake ya kuzuia hewa isirudi. Niliwahi kuletewa gari lililofungwa petroli mahali pengine, bomba hilo limezibwa kwa bolti na kamba ya mpira. Injini ilikuwa inanguruma vizuri mno. Pedali ya breki ilikuwa ngumu kama jiwe, na mwenye gari alikuwa amelishusha Kitonga likiwa hivyo. Tangi la dizeli nalo halina pampu ya ndani inayotakiwa na injini ya sindano za petroli, bomba la moshi linagongana na boksi la usukani, na giaboksi inahitaji sahani ya kuiunganishia. Yote yanafanyika, na mwenye fedha na nia nitamfanyia. Ila ajue analipia nini.

Kama mtu anataka petroli kwa sababu gari ni la mjini na halibebi sana, mimi humpeleka kwenye 3RZ-FE, lita 2.7, silinda nne, farasi 150 hivi. Inatumia cheni ya taimingi na imeshawahi kukaa kwenye Hilux yenyewe kutoka kiwandani. Haina sifa mitaani, lakini inadumu. Na mwenye fedha kidogo kabisa namwekea 5L, ndugu mkubwa wa 3L, lita 3, inayokaa kwenye giaboksi ileile na maunti zilezile. Ongezeko lake ni dogo. Faida yake ni kwamba gari linatoka gereji bila kubadilishwa kitu kingine. Kuhusu 1KD-FTV, ile D-4D ya Hilux za baadaye, nguvu ipo, zaidi ya farasi 160. Mfumo wake wa dizeli unafanya kazi kwa presha kubwa sana na nozeli zake hazivumilii maji wala uchafu. Mtu anayenunua dizeli kwenye madumu kijijini simwekei 1KD, hata akinibembeleza.

Tukabaki na 1KZ. Hapa niseme ugonjwa wake wazi, kwa sababu wauzaji hawausemi: hedi. Ni ya alumini, na injini ikichemka hata mara moja inaweza kupasuka kati ya vali ya kuingiza hewa na vali ya kutoa moshi. Injini inayouzwa Gerezani, Dar es Salaam, imeshatolewa kwenye gari huko Japani au imepitia Dubai, haina dashibodi, hujui imetembea kilomita ngapi wala kama imewahi kuchemka. Kwa hiyo nikienda kununua nachukua muda wangu. Naangalia kwanza mfuniko wa oili kwa ndani. Ukiwa na utando kama maziwa, maji yameshakutana na oili. Natoa hozi ya turbo, nashika shafti yake kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo sana pembeni ni kawaida, lakini ikicheza kwenda mbele na nyuma turbo imekwisha. Nazungusha krenki kwa mkono nisikie kama silinda zote nne zinabana sawasawa. Wakikubali kuiwasha, iwe ya baridi, na nifungue mfuniko wa oili ikiwa inaunguruma: moshi ukitoka kwa msukumo, ringi zimechoka.

Hata ikifaulu yote hayo, hedi naitoa nikifika gereji. Najua mteja anaona ni kupoteza siku. Naiosha, naipaka mafuta ya taa sehemu ya vali, naiacha inywe, kisha naifuta ikauke kabisa na kuipaka unga wa chaki mweupe. Baada ya muda, kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanapanda kwenye chaki na kuchora mstari mwembamba, mweusi kidogo, pengine usiozidi urefu wa punje ya mchele. Macho peke yake yasingeuona. Hedi ya mzee wa Ilula ilitoka safi, nikaipeleka mashineni ipimwe kwa presha ya maji kuhakikisha, ndipo nikairudisha na gasketi mpya. Mkanda wa taimingi nao ukabadilishwa palepale, kwa sababu historia yake haijulikani na ukikatika vali zinagongana na pistoni.

Injini yenyewe tuliinunua pamoja na giaboksi yake ya R150F, waya zake zote na boksi lake la kompyuta. Hili nalisisitiza kwa kila mtu. Herufi E kwenye 1KZ-TE inakuambia pampu ya dizeli inaongozwa na umeme. Bila kompyuta yake na vihisio vyake, umenunua chuma. Na kama imetoka kwenye gari lenye ufunguo wa kuzuia wizi, ufunguo na boksi lazima vije pamoja, la sivyo itakataa kuwaka. Asiyetaka umeme atafute 1KZ-T ya zamani yenye pampu ya kawaida.

Kuna vipimo viwili vya kuchukua kabla hujalipa. Sampo ya Surf ilitengenezwa kwa gari ambalo kila tairi la mbele linacheza peke yake. LN106 ina ekseli nzima inayopanda na kushuka chini ya injini, kwa hiyo pima nafasi iliyopo gari likiwa limebonyezwa mpaka mwisho, si likiwa limesimama tu. Halafu tazama kama kesi ya 4x4 inatoa shafti ya mbele upande uleule wa difu yako. Propela shafti zitakatwa na kubalansiwa upya. Usikubali zichomelewe na kufungwa hivihivi, zitakula beringi.

Difu nayo ina neno lake. Kwa tairi za kawaida za gari hili, kilomita 100 kwa saa ni kama mizunguko 740 ya tairi kwa dakika. Difu ya 4.5 na gia ya tano ya 0.85 zinaipeleka injini kwenye mizunguko 2,800 hivi. Kwa 3L isiyo na nguvu ilikuwa lazima. 1KZ inaweza kwenda mwendo huo kwa difu ya 4.1, ikiwa na mizunguko chini ya 2,600, kelele ikapungua na dizeli ikabaki. Ukibadilisha, badilisha mbele na nyuma kwa pamoja. Difu mbili zisizolingana, ukiingiza 4x4 kwenye barabara ngumu, zitavunjana. Mzee nilimwambia aanze na zilezile za zamani kwa sababu ya mzigo wake na Kitonga, aone kwanza.

Rejeta ya 3L haitoshi, na hapa ndipo watu wanapobana fedha na kuua hedi nzuri. Weka rejeta kubwa zaidi, feni yenye klachi inayofanya kazi, hozi mpya, na geji ya joto ambayo unaiamini. Kisha shughulikia breki. Kutoka kilomita 80 kwenda 100 kwa saa, kazi ya kusimamisha gari inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na gari hili sasa litafika 100 likiwa na mzigo. Diski mpya mbele, ngoma za nyuma zichongwe au zibadilishwe, na ile vali iliyoko karibu na ekseli ya nyuma inayogawa breki kulingana na mzigo ifunguliwe ioshwe. Kwenye LN106 nyingi imeganda tangu zamani, na pikapu ikiwa tupu kwenye mvua inazunguka yenyewe.

Ukijumlisha, bei ya injini huwa kama nusu ya gharama yote. Mwenye fedha ya injini tu namshauri asubiri, au anipe hiyo 3L niifungue nione. Mara nyingi inakuwa nozeli zimechoka, vali hazijarekebishwa miaka na miaka, na klachi inateleza. Ikitengenezwa vizuri inarudisha nguvu ambayo mwenyewe alishaisahau.

Makaratasi yasisahaulike. Kadi ya gari ina namba ya injini na ujazo wake. Injini ikibadilishwa, TRA, mamlaka ya mapato, wapewe taarifa, na risiti ya ununuzi itunzwe, maana bila risiti huwezi kueleza injini umeipata wapi. Kampuni ya bima nayo ijue. Gari likipata ajali na namba ya injini haifanani na kadi, malipo yatakuwa na maneno mengi.

Mzee alilichukua gari lake na nikapanda naye kwenda kulijaribu, tukashuka Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni na kugeuza, mifuko ya mbolea ikiwa nyuma. Nilimwambia akae gia ya tatu, mizunguko 2,200, asikanyage mpaka chini hata kama gari linataka, na macho yake yawe kwenye geji kuliko kwenye lori la mbele. Kwenye kona kali alishuka gia ya pili, akatoka, akarudi ya tatu. Sindano ya joto ilibaki chini kidogo ya nusu. Tulipofika juu nikamwomba asizime injini papo hapo, aiache iungurume kwanza ili turbo ipoe na oili ikiwa bado inazunguka ndani yake. Nikafungua boneti nikaanza kukagua hozi moja baada ya nyingine, na yeye akawa anauliza kila moja inapeleka nini wapi.